Mtaa Uliopangwa ni Kinga ya Mfanyakazi



Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia Uganda, sote tuliagizwa mambo matatu: kunawa mikono kwa sabuni, kukaa mbali na wenzetu, na kubaki nyumbani. Maagizo hayo yalikuwa sahihi na yalitolewa kwa nia njema. Lakini mfanyakazi anayepanga chumba kimoja, kile ambacho Kampala twakiita muzigo, akiwa na mke na watoto wanne, alikuwa na maswali yake. Maji hununua kwa jerikeni. Choo hutumia pamoja na wapangaji wa vyumba kumi vingine. Ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Je, akae mbali na nani, na akae wapi?

Maswali hayo hayawezi kujibiwa na daktari peke yake. Dawa na chanjo ni lazima ziwepo, na hakuna azipingaye. Lakini kabla daktari hajafika mtaani, mambo mengi yamekwisha kuamuliwa na watu wengine: bomba la maji lipite wapi, mitaro ichimbwe wapi, nyumba ziachiane nafasi gani, nani apewe kiwanja na nani aachwe ajibanze bondeni. Mambo hayo ndiyo yanayoitwa mipango ya miji. Makala hii inaeleza jinsi mipango hiyo inavyoweza kuukinga mtaa wakati wa maradhi ya mlipuko, na kwa nini jambo hili ni la chama cha wafanyakazi, kama vile mshahara na saa za kazi.

KILA UGONJWA UNA NJIA YAKE

Ugonjwa hauingii mtaani ovyo. Kila ugonjwa una njia yake, na kazi ya mipango ni kuiziba njia hiyo mapema.

Kipindupindu hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Mvua kubwa ikinyesha, vyoo vya shimo vilivyochimbwa bondeni hujaa na kufurika, na uchafu wake huingia katika chemchemi na visima. Ndivyo Kampala ilivyopatwa wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Njia hii huzibwa kwa maji safi ya bomba, vyoo vilivyojengwa vizuri, na mitaro inayopitisha maji ya mvua.

Tauni huletwa na viroboto wa panya. Panya hufuata takataka na chakula kilichohifadhiwa vibaya. Njia hii huzibwa kwa kuzoa taka kila wakati na kujenga nyumba ambazo panya hawezi kujifichamo.

Korona na kifua kikuu hupita katika hewa. Mgonjwa akikohoa au hata akizungumza ndani ya chumba kisicho na dirisha, hewa ile ile huvutwa na kila aliyemo. Njia hii huzibwa kwa madirisha yanayotazamana ili hewa ipite, na kwa kupunguza idadi ya watu wanaolala chumba kimoja.

Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti. Hapo kinachotakiwa ni mgonjwa atengwe upesi. Lakini mtaa usio na njia ya kupitisha gari la wagonjwa, mgonjwa wake hubebwa mikononi na mabegani na ndugu zake, na kila anayembeba yumo hatarini.

Tukitazama orodha hiyo tutaona kwamba vitu vinavyotakiwa ni vichache: maji, choo, mtaro, hewa, uzoaji wa taka, na njia. Hakuna hata kimoja ambacho mfanyakazi mmoja aweza kujipatia peke yake kwa mshahara wake. Vyote hupatikana kwa mipango ya watu wengi pamoja.

MFANO WA MIJI MIWILI

Kuna mfano wa zamani ambao unaonyesha jambo hili wazi. Mwaka 1892 kipindupindu kiliushika mji wa bandari wa Hamburg, Ujerumani. Ubavuni mwake ulikuwapo mji mwingine, Altona. Miji hiyo ilikuwa imegusana kabisa, hata mahali pengine mpaka ulikuwa ni barabara tu. Miji yote miwili ilichota maji katika mto Elbe. Tena Altona ilichota upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa mtoni.

Hata hivyo, Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,600 katika muda wa miezi michache, na Altona walikufa wachache sana. Sababu ni moja. Altona ilikuwa na mabwawa ya kuchujia maji kwa mchanga. Hamburg, mji wa wafanyabiashara matajiri, ilikuwa imeahirisha kazi hiyo mwaka baada ya mwaka kwa kuogopa gharama. Mtaalamu Robert Koch alipochunguza aligundua kwamba kundi moja la nyumba za wafanyakazi, lililokuwa upande wa Hamburg lakini likipata maji ya Altona, lilisalimika. Waliokaa humo walikuwa wafanyakazi kama majirani zao wa mtaa huo huo, wenye kipato kama chao. Tofauti ilikuwa bomba.

Kwa hiyo tusikubali kuambiwa kwamba maskini hufa kwa sababu ya ujinga au uchafu wao. Hamburg ilimaliza kujenga mabwawa yake ya mchanga mwaka uliofuata, 1893. Fedha zilipatikana, lakini baada ya makaburi kujaa.

MIPANGO ILIYOWATENGA WATU

Ni lazima pia tuseme ukweli kwamba mipango ya miji imewahi kutumiwa dhidi yetu, na kisingizio kilikuwa ni magonjwa.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika bazaa ya Wahindi, mahali palipokuwa na vibanda vilivyosongamana bila mitaro. Wakuu wa mji waliagiza bazaa ichomwe moto. Mitaro iliyokosekana haikuwa sababu ya mtu kuwajibishwa. Waliolipa ni wale waliounguziwa maduka na nyumba. Na tauni ilirudi tena Nairobi katika miaka iliyofuata.

Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilimtuma Profesa W. J. Simpson kukagua hali ya afya katika nchi zake za Afrika Mashariki, Uganda ikiwamo. Alishauri kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae katika mitaa mbalimbali, na kuachwe uwanda mtupu baina yao. Kwa mawazo ya namna hiyo, mabomba, mitaro na taa vilienda kwa wachache, na wenye kufanya kazi ya mikono waliachiwa kandokando ya mji. Miji yetu mingi bado ina sura hiyo. Tofauti ni kwamba leo kinachogawa mitaa ni fedha, si rangi.

Kwa hiyo swali si kuwa na mipango au kutokuwa nayo. Swali ni mipango ya nani, na kwa faida ya nani.

WENZETU WA MUKURU

Tuje sasa kwa wenzetu wa Kenya, kwa kuwa wamejaribu njia nyingine ambayo yafaa kujifunza.

Karibu na viwanda vya Nairobi iko mitaa mitatu: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben, na Viwandani. Jina la huo wa tatu laeleza lenyewe. Wakazi wake wengi hutembea kwa miguu kila asubuhi kwenda kugonga kengele za viwanda. Ardhi ya mitaa hiyo, kwa sehemu kubwa, iligawiwa watu binafsi na makampuni katika miaka ya 1970 na 1980 ili wajenge viwanda. Wengi hawakujenga. Wafanyakazi waliotaka kulala karibu na kazi walipanga mabanda ya mabati humo. Kwa kuwa kwenye karatasi hapakuwa na mtaa, hapakupelekwa bomba, mtaro wala barabara. Waliofaidika ni wauzaji wa maji na umeme wa magendo. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkazi wa Mukuru alilipia lita ya maji bei kubwa kuliko tajiri anayefungulia bomba lake ndani ya nyumba katika mitaa ya wenye uwezo. Kwa maneno mengine, umaskini ulikuwa unatozwa kodi.

Wakazi hawakukaa kimya. Kwa kushirikiana na Muungano wa Wanavijiji, ambao ni umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na vyuo vikuu na wanasheria, walikusanya habari za mtaa wao: vyoo vingapi, bei ya maji, mipaka ya viwanja, nani mwenye hati. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Eneo hilo lina kaya zaidi ya 100,000.

Lililo muhimu ni jinsi mipango yenyewe ilivyofanywa. Wakazi walijiunga katika vikundi vya nyumba kumi kumi, na vikundi vikachagua wawakilishi wa kila sehemu. Wataalamu wa maji, afya, ujenzi, elimu na sheria walikaa nao. Mfano ni suala la barabara. Kwa vipimo vya kawaida vya serikali, barabara zingekuwa pana mno, na kuzichora kungewafukuza watu wengi sana. Wakazi na wataalamu walikubaliana vipimo vyembamba zaidi: njia za kutosha kupitisha gari la wagonjwa na gari la zimamoto, na kuweka mabomba chini, lakini bila kubomoa nyumba zisizo lazima kubomolewa.

Korona ilipoingia Kenya mwezi wa Machi 2020, karatasi hizo zilikuwa tayari. Idara mpya iliyokabidhiwa kazi za mji wa Nairobi mwezi huo huo ilianza kuchimba visima, kulaza mabomba ya maji safi na ya majitaka, kutengeneza barabara na kujenga zahanati katika Mukuru. Mitaa mingine ilipokuwa inaanza kuhesabu mahitaji yake, Mukuru walikwisha kuyahesabu. Hiyo ndiyo faida ya mipango: wakati wa hatari hakuna muda wa kupima ardhi. Anayengoja ugonjwa uje ndipo apange, huwa amekwisha kuchelewa.

ARDHI NDIYO MSINGI

Lakini habari za Mukuru zina upande wa pili, na hatuwezi kuuficha.

Katika miezi ya Oktoba na Novemba 2021, Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kwa tingatinga ili kupisha barabara inayoelekea kwenye barabara kuu mpya ya kulipia. Makumi ya maelfu ya watu walibaki bila makao, na Korona ilikuwa haijaisha. Wale walioambiwa mwaka mmoja nyuma yake kwamba nyumba ndiyo kinga, sasa walilala nje, wamesongamana chini ya maturubali. Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa, nyumba za kandokando ya mito ya Nairobi zilibomolewa pia.

Somo lake ni hili: mpango usiolindwa na haki ya ardhi ni karatasi tu. Bomba likiisha kulazwa na barabara ikiisha kutengenezwa, ardhi hupanda bei. Hapo mwenye hati hujitokeza, na mwenye nyumba hupandisha kodi. Mpangaji aliyehangaika kuleta maji mtaani aweza kufukuzwa na maji yale yale. Kwa hiyo wapangaji, ambao ndio wengi wetu, ni lazima wawe na kiti penye mazungumzo, na masharti ya kodi yaandikwe kabla kazi haijaanza.

TULIPOAMBIWA TULALE KIWANDANI

Turudi nyumbani. Tarehe 25 Machi 2020 magari ya abiria yalisimamishwa Uganda. Siku chache baadaye, tarehe 30 Machi, Rais alitangaza kwamba kiwanda kitakachotaka kuendelea na kazi kiwaweke wafanyakazi wake wa lazima papo hapo kiwandani kwa siku 14. Wauza chakula sokoni nao waliagizwa walale sokoni.

Tusibishane hapa juu ya agizo lenyewe, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa. Tutazame lilichofunua. Lilifunua kwamba kazi imewekwa mahali pamoja na mfanyakazi amewekwa mahali pengine, mbali, na kinachowaunganisha ni gari la abiria lililojaa. Gari liliposimama, mfanyakazi alibakiwa na njia tatu: kutembea kwa saa nyingi, kulala kwenye sakafu ya karakana mbali na watoto wake, au kukosa mshahara. Kama kungekuwapo nyumba za heshima mahali pa kufikika kwa miguu au kwa baiskeli, njia ya nne ingekuwapo.

Wenzetu wa mashamba ya miwa na chai watasema wao hukaa kazini siku zote. Ni kweli, na ndiyo sababu laini za shamba zatakiwa kukaguliwa zaidi. Laini yenye vyumba vilivyopangwa mgongo kwa mgongo, bila dirisha la nyuma, ni mahali ambapo kikohozi cha mtu mmoja huwa cha laini nzima. Tena anayekaa nyumba ya mwajiri hupoteza nyumba siku ile anayopoteza kazi. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo namba 115 la mwaka 1961 kuhusu nyumba za wafanyakazi, lilikwisha kusema kwamba kwa kawaida haifai mwajiri mwenyewe awe ndiye mtoa nyumba, isipokuwa inapobidi, kama pale ambapo mahali pa kazi ni mbali na miji.

VIPIMO VYA KUKAGULIA MTAA

Mjumbe wa tawi aweza kuuliza: nitajuaje kama mtaa wetu au laini yetu ina kasoro? Viko vipimo vinavyojulikana kwa jina la Sphere, ambavyo mashirika ya misaada hutumia katika kambi za wakimbizi. Hivyo ni vipimo vya chini kabisa, vya watu waliokimbia vita na mafuriko:

Maji: lita 15 kwa kila mtu kwa siku. Familia ya watu sita yahitaji lita 90, yaani jerikeni nne na nusu za lita 20.

Bomba: moja kwa watu wasiozidi 250, lisiwe mbali kupita mita 500, na foleni isizidi dakika 30.

Choo: kimoja kwa watu wasiozidi 20. Shimo la choo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani.

Nafasi: mita za eneo 3.5 kwa kila mtu ndani ya nyumba. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina mita za eneo kama 9.3. Kwa kipimo hicho chawatosha watu wawili. Wakilala sita, kila mmoja ana mita moja na nusu tu.

Ndugu, chukueni kamba ya kupimia mkapime. Kama mtaa wa watu wanaotengeneza sukari, nguo na chuma cha taifa haufikii kipimo cha kambi ya wakimbizi, basi mna neno la kusema mbele ya mwajiri na mbele ya serikali, tena neno lenye tarakimu.

Wengine watatuambia kwamba watu wamezidi mjini, warudi vijijini. Wingi wa watu si ugonjwa. Watu wengi waweza kukaa mtaa mmoja kwa afya njema kama nyumba zina hewa, maji na vyoo, na kama wamejengewa ghorofa badala ya kubanwa chini. Kinachoua ni msongamano wa chumbani, na huo waletwa na kodi kubwa na mshahara mdogo.

CHAMA KIFANYE NINI

Kwanza, kila tawi liandike hali ya makazi ya wanachama wake kwa vipimo hivyo. Wenzetu wa Mukuru walisikilizwa kwa sababu walikuja na hesabu mkononi, hawakuja na malalamiko matupu.

Pili, posho ya nyumba, maji ya laini na madirisha viingizwe katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja. Mwajiri anayesema hana fedha akumbushwe siku alizopoteza mwaka 2020. Mashine haziendeshwi na wagonjwa.

Tatu, tuingie katika vikao vya mipango. Sheria ya mipango ya Uganda ya mwaka 2010 ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, na kuweka kamati za mipango toka wilayani hadi chini. Mpango ukiandaliwa, wananchi wana haki ya kuuona na kutoa pingamizi kabla haujapitishwa. Mwenye kiwanja kikubwa hakosi kutuma mtu wake. Je, sisi tumewahi kutuma wetu?

Nne, mtaa unapobomolewa, tusiseme hayo ni mambo ya wapangaji. Aliyebomolewa nyumba usiku ndiye yule anayesimama kwenye mashine pamoja nawe asubuhi, na ugonjwa atakaoupata nje ataingia nao lango lile lile unaloingia wewe.

Ugonjwa mwingine utakuja; hakuna anayejua siku wala jina lake. Ukija, hautauliza nani amelipa ada ya chama, bali utafuata njia zake za siku zote: maji machafu, hewa iliyofungwa, taka zisizozolewa, mtaa usiopitika. Njia hizo zimechimbwa na watu, na watu waweza kuziba. Tuanze kupima sasa, wakati tungali wazima.